Larry Doby: wa pili kwa tarehe, si kwa kiwango

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Nasaidia kufundisha besiboli katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam. Kila Aprili 15 naona mtandaoni wachezaji wote wa ligi kuu ya Marekani wamevaa namba 42 kumuenzi Jackie Robinson, Mweusi wa kwanza wa zama hizi katika ligi hiyo. Kijana wangu mmoja akaniuliza, 'Wa pili alikuwa nani?' Nikatafuta, nikakuta Larry Doby wa Cleveland. Je, alikuwa mchezaji mkubwa kweli, au anatajwa kwa sababu ya rangi yake tu? Kama alikuwa mkubwa, mbona hatumsikii? Na nimesoma kwamba alitolewa besi ya pili akapelekwa uwanja wa nje akiwa tayari ligi kuu. Nina kijana nataka kumhamisha vivyo hivyo. Inawezekana?"

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Ndiyo, alikuwa mchezaji mkubwa. Hata angekuwa mtu wa mia moja kuingia, na hata rangi yake isingejulikana, kazi aliyoifanya Cleveland kati ya 1948 na 1955 ingetosha kumweka miongoni mwa walinzi bora wa katikati ya uwanja wa nje wa kizazi chake. Rangi haikuupandisha mchezo wake hata kidogo. Ilimzidishia mzigo tu, na mzigo huo aliubeba huku akijifunza nafasi ngeni mbele ya maelfu ya watu.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu, niseme kidogo. Timu inayolinda ina watu tisa. Mrushaji yuko katikati, mdakaji yuko nyuma ya mpigaji, wanne wanalinda eneo la besi, na watatu wanasimama nyuma kabisa kwenye nyasi: kushoto, katikati na kulia. Hao watatu ndio wachezaji wa uwanja wa nje, na wa katikati ndiye mkubwa wao, kwa kuwa eneo lake ni pana kuliko yote, na mpira ukipaa kati yake na mwenzake, sauti yake ndiyo inayosikilizwa. Mpigaji akiuvusha mpira juu ya ukuta wa nyuma, hiyo ni hom rani: anazunguka besi zote hadi nyumbani, na kila mwenzake aliyekuwa kwenye besi anaingia pia. Kila anayefika nyumbani ni mkimbio mmoja, yaani pointi. Wastani wa kupiga, yaani mapigo mazuri yakigawanywa kwa zamu za kupiga, huandikwa kwa desimali. Zama za Doby mtu wa kawaida alicheza karibu na 0.260; anayemaliza msimu mzima juu ya 0.300 ni fundi.

Lawrence Eugene Doby alizaliwa Camden, South Carolina, Desemba 13, 1923. Baba yake, aliyekuwa naye mchezaji wa besiboli, alikufa maji Larry akiwa bado mtoto. Mama yake alikwenda kufanya kazi za ndani Paterson, New Jersey, na kijana akamfuata huko baadaye. Katika shule ya Eastside hapo Paterson alicheza kila kitu: besiboli, mpira wa kikapu, futiboli ya Kimarekani na riadha. Mwaka 1942, akiwa na miaka 18, alianza kuchezea Newark Eagles ya Ligi za Weusi, ligi za wale waliofungiwa mlango wa ligi kuu, kwa jina la bandia, Larry Walker, ili asipoteze haki ya kucheza chuoni kama mchezaji wa ridhaa. Kisha vita vikamchukua. Alitumikia jeshi la majini na kufika hadi visiwa vya Ulithi katika Bahari ya Pasifiki, na huko ndiko habari ilikomkuta kwamba Brooklyn Dodgers wamemsajili Jackie Robinson.

Aliporudi mwaka 1946, Eagles walitwaa ubingwa wa Ligi za Weusi kwa kuwafunga Kansas City Monarchs, timu ya mrushaji Satchel Paige, katika fainali iliyofika mchezo wa saba. Doby alilinda besi ya pili, na pembeni yake alikuwa Monte Irvin, aliyekuja kuwa nyota wa New York Giants. Shika hapo, mwalimu: kufikia umri wa miaka 23 Doby alikuwa mlinzi wa eneo la besi, na mlinzi mzuri. Uwanja wa nje haukuwa kazi yake.

Sasa tuje 1947, mwaka unaosimuliwa haraka haraka kila mahali, nami sitaki kuupita hivyo.

Robinson aliandaliwa. Branch Rickey wa Dodgers alimsajili mwaka 1945, akampeleka Montreal acheze msimu mzima wa 1946 katika ligi ya chini, na hapo ndipo akampandisha Brooklyn, Aprili 15, 1947. Sisemi kwamba njia yake ilikuwa rahisi. Alitukanwa, alitishiwa maisha, na heshima anayopewa anaistahili yote. Ila alipata mwaka mmoja wa kujua anakwenda wapi. Doby hakupata hata wiki moja. Bill Veeck, mmiliki wa Cleveland Indians, alitaka mambo yafanyike ghafla, kabla wapinzani hawajajipanga. Julai 4 Doby alikuwa bado anaichezea Newark. Usiku huo alipanda treni kwenda Chicago, na Julai 5 alikuwa amevaa jezi ya Cleveland katika uwanja wa Comiskey Park, Mweusi wa kwanza wa zama hizi katika Ligi ya Amerika. Ligi kuu ya besiboli ina pande mbili, Ligi ya Taifa na Ligi ya Amerika, na wakati huo timu za pande hizo zilikuwa hazikutani kwenye michezo ya msimu. Kwa hiyo kila timu aliyokutana nayo Doby, Robinson hakuwa amewahi kucheza nayo mchezo wa ligi. Mlango wa upande huu ulikuwa bado umefungwa.

Kwa haki ya Veeck, alilipa. Rickey alimchukua Robinson bila kuwapa Monarchs, timu yake ya awali, chochote, lakini Veeck aliwalipa wamiliki wa Eagles, Abe na Effa Manley, dola 10,000, na dola 5,000 nyingine baada ya kuamua kubaki naye. Effa Manley alimwambia wazi kwamba kama kijana huyu angekuwa mzungu, bei isingekuwa hiyo. Aliijua biashara yake mama yule, na hadi leo ndiye mwanamke pekee katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, meneja Lou Boudreau, ambaye pia alikuwa mchezaji, alimpitisha Doby kwa wenzake mmoja mmoja. Baadhi walimpa mkono. Wengine walikataa. Mchana huo aliingizwa kupiga badala ya mwingine, mrushaji akamtoa. Kesho yake Boudreau alimpanga besi ya kwanza, nafasi inayohitaji glovu ya aina yake, na yeye hakuwa nayo; ikabidi aazimiwe ya mtu ambaye nafasi yake aliichukua siku hiyo.

Baada ya hapo, benchi. Besi ya pili ilikuwa ya Joe Gordon, aliyewahi kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi, na jirani yake alikuwa Boudreau mwenyewe. Doby hakuwa na pa kuingilia. Msimu ulipokwisha alikuwa ameonekana katika michezo 29, amepata zamu 32 za kupiga na mapigo mazuri 5 tu, wastani wa 0.156. Wapo waliohesabu hiyo kama ushahidi kwamba hawezi. Wewe unayefundisha unajua zamu 32 zilizotawanywa katika miezi mitatu ni nini: mtu anakaa saa mbili bila kushika gongo, kisha anaitwa, tena kila jicho uwanjani likisubiri akosee. Hapati mdundo wa kupiga.

Nje ya uwanja hali ilikuwa nzito zaidi. Katika miji kadhaa hoteli ya timu haikumpokea, hivyo alilala peke yake mahali pengine na kula peke yake. Aliagizwa, kama Robinson, asijibu tusi, asigombane na mwamuzi, asirushe ngumi. Doby alisimulia baadaye jinsi mchezaji wa timu pinzani alivyomtemea mate ya tumbaku usoni alipoteleza kuingia besi ya pili. Alinyanyuka akaondoka. Mwezi huo huo wa Julai St. Louis Browns nao waliwasajili Weusi wawili, Hank Thompson na Willard Brown, lakini kabla ya msimu kwisha wote wawili walikuwa wameachwa. Doby akabaki peke yake katika ligi nzima ya timu nane. Wakati huohuo Robinson alikuwa anacheza kila siku, anashinda, na anachaguliwa mchezaji bora chipukizi. Magazeti yalikuwa Brooklyn.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimheshimu Doby kuliko nyota wengi wenye takwimu kubwa zaidi yake. Mmoja wa makocha wa Cleveland, Bill McKechnie, alimshauri ajifunze uwanja wa nje kama anataka kubaki. Machipuko ya 1948 timu ilikwenda kambini Tucson, Arizona. Hoteli ya timu haikumtaka, akapangiwa kuishi kwa familia moja ya Weusi mjini. Asubuhi aliungana na wenzake uwanjani, na huko alimkuta mwalimu wake, Tris Speaker, Mtexas aliyekwisha kuingia Ukumbi wa Mashujaa, mlinzi wa katikati aliyeiongoza Cleveland kutwaa ubingwa wa 1920. Watu wengi wa zama zile walimhesabu Speaker kuwa bora kuliko wote waliowahi kusimama katikati ya uwanja wa nje. Speaker alikaa na kijana huyu, akampigia mipira, akamwonyesha.

Na ugumu wa kazi yenyewe ndio huu. Mlinzi wa besi ya pili yuko karibu na mpigaji. Mpira wake mara nyingi unakuja chini, unadunda, na mikono yake inaamua kabla ya kichwa. Mlinzi wa uwanja wa nje yuko mita 90 au zaidi kutoka kwa mpigaji. Mpira unapaa, na anatakiwa kujua sekunde ileile unapogusa gongo kama utamvuka au utaanguka mbele yake. Sauti ya gongo inamwambia kitu, na pembe ya mpira inamwambia kingine. Mpira unaomjia usawa wa macho ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu hauonyeshi kina. Ongeza jua la mchana, ongeza upepo, ongeza ukuta ambao hauuoni kwa sababu unaukimbilia huku ukitazama juu. Wachezaji hujifunza haya tangu utotoni. Doby alijifunza katika kambi moja ya machipuko, na mwanzoni mwa msimu alikosea mbele ya watu, mipira mingine ikimpita, magazeti yakiandika.

Mwisho wa 1948 alikuwa na wastani wa 0.301 na hom rani 14 katika michezo 121. Kutoka 0.156! Cleveland wakatwaa ubingwa wa Ligi ya Amerika na kukutana na Boston Braves katika World Series, fainali kuu ya msimu. Satchel Paige naye alikuwa amesajiliwa Julai, akiwa na miaka 42, hivyo angalau Doby alipata mtu wa kula naye.

Oktoba 9, 1948, mchezo wa nne, mashabiki 81,897 walikuwa uwanjani Cleveland. Doby alimpiga mrushaji bora wa Boston, Johnny Sain, hom rani iliyotua nyuma ya ukuta, ya kwanza kupigwa na Mweusi katika World Series. Cleveland walishinda 2–1, na mkimbio huo ndio uliotofautisha timu mbili hizo. Baada ya mchezo mpigapicha aliwakuta Doby na mrushaji Steve Gromek, mzungu, wamekumbatiana shavu kwa shavu, wote wanacheka kama watoto waliopewa sikukuu. Picha ilichapishwa magazeti ya nchi nzima. Gromek alipata lawama kwao kwa kukubali kupigwa picha ile, lakini hakuwahi kuijutia. Doby aliitaja maisha yake yote, kwa sababu haikupangwa na mtu: wachezaji wawili wameshinda, wamefurahi. Cleveland walimaliza kazi katika mchezo wa sita. Doby alimaliza fainali hiyo na wastani wa 0.318, na yeye na Paige wakawa Weusi wa kwanza kuwa mabingwa wa World Series. Cleveland haijautwaa ubingwa huo tena tangu mwaka ule.

Kuanzia hapo alikuwa nguzo. Alichaguliwa katika mchezo wa nyota kila mwaka kuanzia 1949 hadi 1955, miaka saba mfululizo. Alipiga hom rani 20 au zaidi kwa misimu minane mfululizo. Mwaka 1950 alicheza kwa wastani wa 0.326 na kuongoza ligi kwa kufika besi. Mwaka 1952 hom rani zake 32 zilikuwa nyingi kuliko za mtu yeyote katika Ligi ya Amerika, na hakuna Mweusi aliyewahi kuongoza upande huo kabla yake. Mwaka 1954 alipiga tena 32, akaleta nyumbani mikimbio 126, akaongoza ligi kwa yote mawili, na katika kura ya mchezaji bora akapitwa na Yogi Berra wa Yankees peke yake. Ndiyo, alikuwa pia akitolewa kwa kukosa mipira mitatu mara nyingi. Aliongoza ligi kwa hilo mwaka 1952 na 1953. Alizungusha gongo kwa nguvu na hakuficha. Lakini alikuwa na jicho la kuacha mipira mibaya, na katika maisha yake ya ligi kuu alifika besi karibu mara nne katika kila zamu kumi. Kocha yeyote angempanga mtu huyo kila siku.

Basi mbona hatumsikii? Sababu ya kwanza inayotajwa ni kwamba dunia humkumbuka wa kwanza. Ni kweli, lakini kwangu haitoshi. Willie Mays wa Giants hakuwa wa kwanza, na jina lake linajulikana hata na wasioujua mchezo. Naona sababu tatu nyingine zenye uzito zaidi.

Moja ni Yankees. Cleveland ya Doby ilikuwa timu nzuri ajabu iliyozaliwa wakati mbaya. Mwaka 1951 walishika nafasi ya pili nyuma ya Yankees. Mwaka 1952, ya pili. Mwaka 1953, ya pili. Mwaka 1955, ya pili tena. Wale wale Yankees walikuwa New York, penye magazeti na redio, nao ndio kila mtu aliokuwa akiwatazama Oktoba.

Nyingine ni 1954 yenyewe, mwaka pekee kati ya 1949 na 1955 waliowapita Yankees. Cleveland walishinda michezo 111 kati ya 154, rekodi ya ligi yao wakati huo. Kisha wakafika World Series na kufungwa na New York Giants mara nne bila kushinda hata mara moja, na Doby alipata mapigo 2 tu katika zamu 16. Mchezo wa kwanza wa fainali hiyo ndio uliotoa udakaji maarufu kuliko wote katika historia ya besiboli: Vic Wertz wa Cleveland alipiga mpira mrefu mno katikati ya uwanja wa Polo Grounds, Mays akakimbia akiwa amegeuzia mpigaji mgongo, akaudaka juu ya bega. Pengine vijana wako wameiona video. Waambie wamtazame aliyekuwa besi ya pili. Ni Doby. Hakukimbia ovyo; aligusa besi baada ya mpira kudakwa, akasogea hadi ya tatu. Mpira ule uliruka mbali kiasi kwamba katika viwanja vingine ungekuwa hom rani. Matokeo yalikuwa 2–2. Wapigaji waliofuata wakashindwa kumleta nyumbani, na Giants wakashinda katika awamu ya kumi ya mchezo. Kwa hiyo katika tukio linaloonyeshwa kila mwaka, Doby yupo, ila upande usiosimuliwa.

Na sababu kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba Ligi ya Amerika ilichelewa kufungua milango. Upande wa pili Dodgers walikuwa na Robinson, Roy Campanella na Don Newcombe. Giants walikuwa na Irvin na Mays. Weusi walikuwa wanashindana wao kwa wao kwa ubingwa, na hadithi ikajengeka huko. Upande wa Doby, Yankees hawakumpanga Mweusi hadi Elston Howard mwaka 1955, na Boston Red Sox walikuwa wa mwisho kabisa, mwaka 1959, msimu uleule Doby alipostaafu ligi kuu. Kwa hiyo alicheza karibu maisha yake yote mbele ya timu zilizokuwa zikisema kwa vitendo kwamba watu kama yeye hawahitajiki. Tena hakuwa mtu wa maneno. Robinson, baada ya miaka ya kunyamaza, alianza kusema, kuandika, kugombana hadharani. Doby alikuwa mkimya, na waandishi waliuita ukimya wake kiburi au kununa. Mwaka 1957, akiwa Chicago White Sox, mrushaji Art Ditmar wa Yankees alimrushia mpira wa kumtisha karibu na kichwa, na Doby akamwendea akampiga ngumi. Ilikuwa miaka kumi tangu aagizwe asijibu.

Mwili ulimwangusha mapema. Baada ya Cleveland kumhamishia Chicago mwishoni mwa 1955 alikuwa na msimu mmoja zaidi mzuri, hom rani 24 na mikimbio 102 aliyoileta, kisha majeraha yakaanza. Mwaka 1959 ndio ulikuwa wa mwisho, na mwaka 1962 alikwenda Nagoya, Japani, kuichezea Chunichi Dragons pamoja na Newcombe. Jumla ya ligi kuu: michezo 1,533, hom rani 253, mikimbio 970 aliyoileta, wastani wa 0.283. Jumla hiyo ni ndogo kuliko ya magwiji wengi, na hiyo ilimgharimu kwa wapiga kura wa Ukumbi wa Mashujaa. Lakini iangalie vizuri. Vita vilimchukulia misimu miwili ya ujana. Miaka yake ya Newark haikuhesabiwa. Ni Desemba 2020 tu ligi kuu ilipotangaza kuzitambua Ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu pia. Na mwaka 1947 aliupotezea kwenye benchi. Ukimpa mtu huyu nafasi ya kawaida kuanzia miaka 20, hesabu inabadilika kabisa.

Kuna sura moja zaidi nisingependa uikose. Baada ya kucheza alirudi kama kocha, na mwaka 1974 alikuwa kwenye benchi la makocha la Cleveland klabu ilipomtangaza Frank Robinson kuwa meneja wa kwanza Mweusi wa ligi kuu. Doby alisubiri. Juni 30, 1978, Veeck, ambaye sasa alimiliki White Sox, alimpa Doby timu hiyo katikati ya msimu. Akawa meneja wa pili Mweusi, nyuma ya mtu mwenye jina la Robinson kwa mara nyingine. Timu aliyokabidhiwa ilikuwa imewapoteza wapigaji wake wakubwa wa 1977, Richie Zisk na Oscar Gamble. Alishinda michezo 37, akapoteza 50, na msimu ulipokwisha akaondolewa. Hakupewa timu nyingine. Hapo mimi siwezi kusema alitendewa haki. Michezo 87 na kikosi kile haimpimi meneja yeyote. Bob Lemon, aliyeondolewa White Sox ili Doby aingie, alipewa Yankees mwezi uliofuata na akatwaa World Series mwaka huohuo. Yeye alipata nafasi ya pili, Doby hakupata.

Cleveland waliistaafisha namba yake, 14, Julai 1994. Ukumbi wa Mashujaa ulimwingiza mwaka 1998, kupitia kamati ya wakongwe, akiwa na miaka 74. Robinson alikuwa ameingia 1962. Alifariki Juni 18, 2003, nyumbani kwake Montclair, New Jersey. Bunge la Marekani lilimtunuku Medali ya Dhahabu, na familia yake iliipokea Desemba 13, 2023, siku ambayo angetimiza miaka mia moja.

Sasa kijana wako wa besi ya pili. Inawezekana, tena yeye hahitaji kuwa Doby. Ana umri wa shule, na hakuna anayemwandika gazetini. Mhamishe wakati wa mazoezi kwanza, kwa wiki kadhaa, kabla ya kumpanga kwenye mchezo wowote. Kosa la wengi wanaotoka eneo la besi ni kukimbilia mbele kwanza, kwa sababu wamezoea kuufuata mpira unaodunda. Mfundishe hatua ya kwanza iwe ya kurudi nyuma. Kuja mbele ni rahisi, kurudi ukiwa umechelewa ni vigumu. Mfundishe kukimbia kwa vidole vya miguu, maana akitua kwa visigino macho yake yatatikisika na mpira utaonekana unaruka ruka angani. Mpigie mipira mirefu moja kwa moja juu ya kichwa chake, na ile ya usawa wa macho, hadi azoee kugeuka upande sahihi bila kuupoteza. Mpigie pia saa za jua kali, glovu ikiwa juu ya uso. Na mfanye apaze sauti kila anapoufuata mpira, hata kama yuko peke yake uwanjani, ili siku ya mchezo wenzake wa kushoto na kulia wajue nani anaudaka.

Kupiga kwake usikuguse kipindi hicho. Doby alianza kupiga vizuri pale alipopata nafasi ya kucheza kila siku, na kijana wako atahitaji hivyo hivyo: ukishamweka katikati, mwache hapo msimu mzima, hata akikosa mipira miwili mitatu mwanzoni.